Maumivu ya Alasiri

Watu hudhani kichwa huuma kwa ndani. Changu kiliuma kwa nje, kama nimevikwa kofia ya mtoto ikavutwa kwa nguvu mpaka kwenye nyusi. Maumivu yalianzia kisogoni, yakapanda nyuma ya masikio, yakakutana kwenye paji la uso, na yakishakutana hayakuachana mpaka nilale. Hayakugonga wala hayakuchoma. Yalibana tu. Ubaya wa maumivu ya kubana ni kwamba hayakuangushi chini. Unapika nayo, unaoga nayo, unapokea wageni nayo, na ukisema unaumwa watu wanakutazama kama unadeka. Mume wangu, aliyekulia Uganda na anayekiogopa Kiswahili kidogo, aliniuliza kila alipotoka kazini, "Kichwa iko inauma bado?" Nami nikamjibu, "Iko," kwa sababu nguvu za kumsahihisha sikuwa nazo.

Tunakaa Kabeza, hapa Kigali, mahali ambapo ndege hupita juu ya paa zikiwa zimeshashusha magurudumu. Watoto wako vyuoni. Nyumbani tulikuwa watatu: mimi, mume wangu, na mama yangu mzazi, ambaye tulimchukua baada ya kuona hawezi tena kukaa peke yake. Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka, naifanyia hapo hapo kwenye meza ya chakula, kwa hiyo nilishinda na mama kutwa nzima.

Akili za mama zilikuwa zimeanza kurudi nyuma. Hospitali walisema ni ugonjwa wa kusahau. Mimi naona mama hakusahau chochote, alihama tu. Asubuhi alikuwa nasi vizuri, anakunywa chai, anachambua mchele, anaulizia bei ya maharage na kusikitika. Ikifika alasiri anaondoka. Nasikia mlango wa kabati lake ukilia. Anatoa nguo zake zote, anazikunja moja moja, anazifunga kwenye kitenge, anavaa koti na viatu, kisha anakuja kukaa kwenye kiti cha karibu na mlango, furushi mapajani. Halafu anauliza kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya adabu kabisa: "Tuzataha ryari?" Tutarudi lini nyumbani?

Swali hilo nimelinyonya na maziwa. Wazazi wangu walikimbia Rwanda wakati wa vurugu za zamani, mimi nikazaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, kwenye nyumba ambayo baba hakutaka kuipiga sakafu kwa sababu tulikuwa tunarudi. Hakupanda hata mparachichi, maana nani angekaa kungoja matunda? Kila Krismasi mama alisema ya mwakani tutaila nyumbani. Mwisho tulirudi kweli, mimi nikiwa mtu mzima. Mama ameishi Rwanda miaka mingi tangu hapo, amemzika baba Rwanda, ana kitambulisho cha Rwanda. Na sasa alikuwa amekaa mlangoni kwangu, Kigali, akiuliza Rwanda tutarudi lini.

"Mama, tulisharudi," namwambia. "Hapa ndipo nyumbani. Hapa ni Kigali."

Anatazama vigae vya sakafuni, anatazama televisheni, anatazama kwa dirisha ghorofa la jirani. "Rwanda gani yenye nyumba za namna hii?"

"Rwanda ya sasa."

"Wewe ulizaliwa ugenini, mwanangu. Rwanda hujaiona."

Hapo aliniweza, kwa sababu Rwanda aliyokuwa anaisema yeye ni kweli sikuwahi kuiona. Lakini mimi si mtu wa kukubali kushindwa. Nilimfungulia redio asikie Kinyarwanda, akasema hata Karagwe tulikuwa tunaipata idhaa hiyo. Nikamletea kitambulisho chake. Akaitazama picha kwa muda, akanirudishia. "Huyu bibi amezeeka, maskini," alisema. "Mpelekeeni asije akahangaika kukitafuta." Nikacheka mpaka machozi yakanitoka, kisha nikaona si kicheko tena, nikaenda jikoni. Jioni ile kofia ilinibana kuliko siku zote.

Unadhani niliunganisha mambo hayo mawili? Hata kidogo. Nilisema kichwa ni cha kompyuta. Mume wangu naye alisema ni kompyuta, akainyanyua kwa kuiweka juu ya sufuria lililofunikwa kifudifudi, nikawa natafsiri sheria za forodha mbele ya sufuria la ugali. Kichwa kikabaki. Nikapimwa macho, nikapewa miwani, kichwa kikauma ndani ya miwani. Wifi yangu akaja na majani ya umuravumba, ule mti unaonukia ambao kila ua wa nyumba ya Rwanda unao, akayafikicha kwenye maji akaninywesha. Ni machungu mno, yale majani. Kwa muda wa kumeza kikombe kizima nilisahau kweli kwamba nina kichwa.

Wanawake wa kikundi cha sala wakasikia, wakaja. Waliniweka katikati, wakaniwekea mikono kichwani, wote kwa pamoja, na mwenye mikono mizito kuliko wote alikuwa nyuma yangu akiibonyeza shingo kwa imani kubwa. Nawashukuru, walikuja kwa upendo. Lakini kama kuna mahali pa kutomwekea mtu mzigo ni pale. Walipoondoka nilimeza vidonge nikalala na viatu.

Kitu pekee kilichonipa nafuu ilikuwa saluni ya Kabeza, pale pale chini ya nyumba yetu. Dada wa kuosha nywele akishakuosha anakukanda kichwa bila kuambiwa, vidole vinapita kisogoni vikizunguka taratibu, anabonyeza chini ya fuvu pale shingo inapoingilia, kisha anakufunika taulo ya moto. Nilikuwa nasinzia mdomo wazi. Nilianza kwenda kuosha nywele zisizo na uchafu. Lakini nafuu hiyo ilikuwa ya njiani tu, nikifungua geti na kusikia kabati, mabega yalikuwa yameshafika masikioni.

Mwisho nikaenda kwa daktari huko Kibagabaga. Alinipima presha, akanimulika macho, akanigonga magoti, akanizungusha shingo mpaka ikalia. Akasema hakuna kitu kibaya kichwani, nisiogope. Ni misuli ya shingo, ya mabega na ya taya, imekaza muda mrefu mpaka imesahau kulegea. Kisha akauliza dawa za maumivu nameza mara ngapi. Nikamwambia kila siku, wakati mwingine kabla hata kichwa hakijaanza, kwa tahadhari. Akaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba vidonge hivyo vikimezwa kila siku huanza vyenyewe kuleta kichwa, na mgonjwa anameza zaidi, na kichwa kinazidi. Dawa ilikuwa kuviacha. "Utateseka kidogo mwanzoni," alisema. Kidogo chake! Nilikiona cha mtema kuni. Nililala chumba cha giza na kitambaa cha maji baridi machoni, mume wangu akipika, mama akija mlangoni na furushi lake kuniuliza kama na mimi nitaweza safari.

Hilo lilipopita, daktari alinipeleka kwa mama mmoja mtaalamu wa viungo. Alinifundisha kuingiza kidevu ndani, kuvuta mabega nyuma na kuyaachia, kukaa na midomo imefungwa lakini meno yasigusane. Meno yasigusane! Nilipojichunguza nikagundua kwamba nilikuwa nayauma meno kutwa, hata nikiwa naosha vyombo. Akanipa kazi moja tu: nitazame ni saa gani yanaanza kukutana.

Haikuchukua siku nyingi. Yalikuwa yanakutana kabati linapolia. Kusema kweli yalikuwa yanakutana kabla, wakati jua linapogeuka na kuingia kwa dirisha la sebuleni, mwili wangu ukijiandaa kwa mabishano kama mtu anayeona mvua inakuja. Nilikaa kwenye kiti nikalia. Ilikuwa rahisi kuichukia kompyuta. Kujua kwamba ni mama yangu anayeniuma kichwa lilikuwa jambo jingine kabisa, na sikumwambia mtu kwa muda, hata mume wangu.

Mama mtaalamu aliponiuliza nilimweleza. "Basi usibishane naye," alisema. Nikajaribu. Alasiri ile mama aliuliza tutarudi lini, nikashusha mabega, nikatenganisha meno, nikamwambia, "Kesho, mama."

Uso wake sitausahau. Aliinuka akanikumbatia, furushi likiwa katikati yetu. Na mimi kichwa hakikuuma, nikajiona mjanja sana. Lakini alfajiri nilimkuta ameshaoga, amekaa mlangoni na koti, amekunja hata shuka lake. Alikuwa anangoja gari. Aligoma kunywa chai asije akapata haja njiani. Ilipofika mchana nikaona machozi yanamtiririka kimya kimya, anayafuta kwa ncha ya kitenge. Nikaapa sitasema tena kesho. Tukarudi kwenye kubishana, nami nikarudi kwenye taulo za moto.

Mume wangu ndiye aliyetoa wazo. Ni mtu wa maneno machache, na yeye pia alikulia kwenye nyumba ya "tunarudi", upande wa Uganda. "Tumpeleke," alisema.

"Wapi?"

"Kwao. Si alizaliwa Gisozi? Iko hapa tu, mbele ya mji."

Kweli mama alizaliwa Gisozi. Alituhadithia mara elfu huko Karagwe: mlima wenye majani marefu, boma la baba yake juu, migomba nyuma ya nyumba, bondeni kijito cha kuteka maji, na ndama ambao yeye ndiye aliyekuwa akiwazuia wasinyonye wakati wa kukamua. Lakini tangu turudi Rwanda hakuwahi kutaka kwenda kupaona. Tulipomuuliza alibadilisha mazungumzo, nasi tukaacha. Nilimwambia mume wangu kwamba Gisozi ya sasa haina ndama. Akasema ardhi ni ile ile, labda miguu yake itaikumbuka. Niliona wazo zuri. Mpaka leo naona lilikuwa wazo zuri, na kama ningeulizwa tena ningesema ndiyo.

Tulimchukua alasiri, wakati ule ule wake. Alipouliza swali lake, mume wangu alimjibu kwa Kinyarwanda, "Sasa hivi, mama," akamshika mkono. Hakushangaa. Alikaa kiti cha mbele na furushi, mgongo wima, akitazama njia yote. Mimi nilikaa nyuma nikiyaangalia mabega yake madogo ndani ya lile koti. Nilikuwa na furaha, nakiri. Nilikuwa naomba kimya kimya kwamba ashuke, atambue hata jiwe moja, aseme tumefika, na tupumzike sote.

Anayeijua Gisozi anajua pale pa mafundi. Ni maduka ya samani yamepangana, kabati nje, vitanda nje, makochi yamefunikwa nailoni, misumeno inalia huku na huku, mafundi wa kuchomelea vyuma wanarusha cheche, vumbi la mbao linakaa mpaka kwenye kope. Boma lenyewe lilikuwa wapi hasa hatukujua. Mume wangu aliegesha mahali palipokuwa na nafasi, tukamshusha mama taratibu, mmoja huku mmoja kule.

Muuzaji mmoja alitusikia tukisemezana Kiswahili, akadhani ni wateja kutoka nje. "Kalibu mama, iko vitanda, iko kabati, ingieni muangalie!" Mama akamgeukia akamsalimu kwa Kinyarwanda, salamu ndefu ya zamani ambayo siku hizi huisikii, akimwombea ng'ombe na watoto. Kijana wa watu akavua kofia, akaitikia kwa heshima, akamletea kiti kipya bado kina nailoni. Mama hakukaa. Alisimama na furushi lake katikati ya ile kelele, akatazama juu mlimani, nyumba zimepandana mpaka kileleni. Akatazama chini bondeni. Akatazama juu tena. Nilimwona anatafuta. Midomo yake ilikuwa inahesabu kitu, sijui miti, sijui nyumba za majirani, kisha ikasimama.

"Mama," nilimwambia karibu na sikio, "hapa ni Gisozi. Ni kwenu."

Aliniamini. Hilo sikulitegemea. Siku zote alikataa kila nilichomwambia, na pale nilitegemea akatae, aseme Gisozi gani yenye vitanda barabarani, turudi nyumbani tukabishane. Lakini labda aliuona mkunjo wa ule mlima, labda ni bonde. Aliitikia kwa kichwa polepole. Akamwuliza yule kijana kwa upole kama wapo watu wa zamani wa hapa. Kijana akasema hapana, bibi, sisi wote tumekuja kutafuta maisha. Mama akamshukuru kwa kile kiti.

"Twendeni," alituambia. "Watu wanafanya kazi."

Kwenye gari aliweka furushi miguuni, si mapajani. Nilimuuliza kama amechoka, akasema hapana. Nilimuuliza kama amepakumbuka, akanitazama kupitia kioo kidogo cha mbele, macho yake yakiwa safi kabisa, bila ukungu wowote wa alasiri. "Walihama," alisema. "Hakuna aliyebaki wa kutupokea." Mume wangu alishika usukani kwa mikono miwili mpaka Kabeza.

Kesho yake jua lilipogeuka nilishusha mabega, nikatenganisha meno, nikangoja kabati. Halikulia. Nikaenda kuchungulia: mama alikuwa amekaa kitandani, mikono mapajani, anatazama ukuta. Nikamuuliza kama anataka chai, akasema ukiniletea nitakunywa. Keshokutwa yake vilevile. Wiki ikaisha. Nilikuwa bado nasimama jikoni na sufuria mkononi nikisikiliza, na nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia friji.

Kichwa changu kikaanza kulegea. Kwanza paji la uso, kisha nyuma ya masikio, mwisho kisogo. Sikuamini. Niliposhika shingo yangu nilikuta ni nyama laini kama ya mtu mwingine. Mama mtaalamu wa viungo alinibonyeza huku na huku, akafurahi, akasema ameona wagonjwa wachache wanaofuata mazoezi kwa bidii kama mimi. Wifi yangu akasema ni majani. Kikundi cha sala kikatoa ushuhuda. Mume wangu akaiondoa kompyuta juu ya sufuria, nami nikawaitikia wote, maana ningewaambia nini? Nilikuwa nafanya kazi mpaka jioni bila kusimama. Nilikuwa nachukia jinsi nilivyokuwa najisikia vizuri.

Kwa sababu mama aliishia pale. Alikula tulichompa. Alivaa tulichomvika. Hakuuliza bei ya maharage. Wakati ule wa furushi na koti alikuwa ananitoa roho, lakini kila alasiri kulikuwa na mtu nyumbani mwangu anayekwenda mahali, aliyevaa viatu kwa ajili hiyo. Sasa viatu vilikuwa chini ya kitanda. Daktari alisema ni hatua ya ugonjwa, hutulia hivyo. Inawezekana. Mimi nilikuwepo Gisozi, na niliona jambo lilipomtoka.

Kisha walihamia majirani wapya kwenye nyumba ya upande wa kulia. Yule mama mwenye nyumba, mwanamke wa makamo kutoka kusini, Huye, alikuja kutusalimu kama inavyopasa, amebeba maziwa. Nilimkaribisha sebuleni nikaenda kuleta vikombe. Nilipokuwa jikoni nilimsikia akimweleza mama, kwa mazungumzo tu, kwamba Kigali hawajaizoea, kwamba watoto wanalilia kwao.

Mama, ambaye hakuwa amesema sentensi nzima kwa siku nyingi, alimjibu. Nilitoka na sinia nikamkuta amemshika yule mgeni mikono yote miwili, ameinama kwake, sauti ya chini, ile sauti ya kumtuliza mtu aliyefika kambi ya wakimbizi jana.

"Mtazoea, mwanangu," alikuwa anamwambia. "Msiwaambie watoto kwamba mtarudi, watakua wakingoja. Pandeni miti. Sisi tumekaa hapa miaka mingi, na wenye nchi hii hawajatutendea ubaya."

Yule mama aliinua macho akanitazama, akingoja nimfafanulie. Nilimimina maziwa kwenye vikombe. Mikono yangu ilikuwa imetulia, na kichwa hakikuniuma hata kidogo.